Jungu Kuu Halikosi Ukoko: Johnny Cash Mbele ya Hadhira Yake

Msanii mkongwe anapopanda tena jukwaani akiwa na nyimbo mpya, hadhira hugawanyika pande mbili. Wako wanaoamini kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, nao humsikiliza kwa sababu ya upya tu. Wako pia wale ambao kwao ya kale ndiyo dhahabu. Hao hungoja amalize nyimbo mpya upesi ili awaimbie zile walizozipenda ujanani. Kwa maoni yetu, pande zote mbili humpunja msanii. Wa kwanza hawamwulizi ana nini la kusema, na wa pili hawataki aseme neno. Katika makala haya tunakusudia kuuchunguza mfano wa msanii mmoja aliyerudi, tukiwa na swali moja: kurudi huko kupimwe kwa kipimo gani?

Msanii huyo ni Johnny Cash (1932-2003), mtunzi na mwimbaji wa Marekani wa muziki uitwao kantri, yaani muziki wa watu wa mashambani wa kusini mwa nchi ile, unaotegemea gitaa na hadithi zinazosimuliwa kwa lugha nyepesi. Huenda msomaji akauliza muziki huo umeingiaje katika jarida la walimu wa Kiswahili. Jibu la kwanza ni kwamba kwetu si mgeni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za Kiafrika, alirekodi huko Kenya nyimbo za Wakipsigis zilizomtaja mtu wa ajabu aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini, na jina lake likapata matamshi ya wenyeji. Jibu la pili ni zito zaidi. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tunasema kila siku kwamba utungo huishi mbele ya hadhira, lakini darasani tunausoma ukiwa umelala juu ya karatasi. Kazi ya Cash inatupa nafasi ya kuuona utungo ukiwa hai, na pia kuona jinsi uhai huo unavyoweza kughushiwa.

Mtunzi na chimbuko lake

Cash alizaliwa Kingsland, katika jimbo la Arkansas. Mwaka 1935 wazazi wake walihamia Dyess, makazi yaliyoanzishwa na serikali ya Rais Roosevelt ili kuwapa ardhi wakulima waliofilisika. Huko alichuma pamba tangu utotoni. Mwaka 1937 mafuriko yaliifukuza jamaa yake nyumbani kwa muda, na mwaka 1944 kaka yake, Jack, alikufa baada ya kukatwa na msumeno wa mashine. Mafuriko hayo aliyatungia wimbo mwaka 1959. Ndani yake mnaulizwa kina cha maji, jibu linatolewa, na ubeti unaofuata maji yamepanda tena. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimulia hadithi kwa watoto ataitambua mbinu hiyo: swali na jibu vinarudiwa, na kila kurudiwa kunaongeza hofu.

Hata hivyo, si kila wimbo wake ulitokana na maisha yake, na hapa wahakiki wengi wameteleza. Wimbo wake maarufu juu ya gereza la Folsom aliutunga alipokuwa askari wa jeshi la anga la Marekani huko Landsberg, Ujerumani, baada ya kutazama filamu iliyohusu gereza hilo. Aliurekodi Memphis mwaka 1955. Cash aliwahi kulala rumande kwa usiku mmoja mmoja, lakini hakutumikia kifungo kamwe. Msemaji katika wimbo ni mwuaji anayelisikiliza treni likipita nje ya kuta. Mtunzi ni kijana aliyetoka kutazama sinema. Wanafunzi wetu, ambao kila wakutanapo na neno "mimi" katika shairi hudhani ni malenga mwenyewe, wangefaidika kwa kuutafakari mfano huu.

Tuongeze na jambo jingine. Tuni ya wimbo huo, na sehemu ya maneno yake, zilitoka katika wimbo wa Gordon Jenkins wa mwaka 1953, na baadaye Cash alilazimika kumlipa Jenkins fidia. Kwa hiyo tangu mwanzo swali la nani mwenye utungo limekuwa likimfuata msanii huyu. Tutalirudia.

Onyesho la Folsom

Tarehe 13 Januari 1968 Cash aliingia katika bwalo la chakula la gereza la Folsom, California, pamoja na wapigaji wake, June Carter aliyemwoa mwezi Machi mwaka huo, na mitambo ya kurekodi. Wakati huo nyota yake ilikuwa imefifia. Vidonge vya kulevya vilikuwa vimemnyang'anya afya na imani ya waandaaji wa maonyesho. Hata hivyo, magereza hayakuwa mapya kwake, kwani alikuwa ameanza kuwaimbia wafungwa mwaka 1957 huko Huntsville, Texas. Siku hiyo ya Folsom aliimba mara mbili, na santuri iliyotoka mwezi Mei mwaka huo ikamrudisha juu.

Tukiichunguza fani ya onyesho hilo tunaona kwanza uchache. Cash hakuwahutubia wafungwa. Alijitaja jina, akaanza kuimba. Pili, tunaona uteuzi wa nyimbo. Aliwaimbia watu waliofungwa habari za kufungwa, za mgodi wenye giza, na za kunyongwa. Katika wimbo mmoja uliotungwa na Shel Silverstein, mtu aliyehukumiwa anazihesabu dakika zake za mwisho, na utisho huo umegeuzwa mzaha. Mtu asiye na busara angedhani kwamba wafungwa wanahitaji kusahaulishwa gereza. Cash alifahamu kwamba mwenye dhiki hupata nafuu pia anapoisikia dhiki yake ikisemwa na mwingine bila kumsimanga.

Hapo ndipo tunapokipata kipimo tunachokitafuta. Wimbo wa gereza alioutunga akiwa kijana ulikuwa mazoezi ya kubuni. Maneno yaleyale, yalipoimbwa mwaka 1968 mbele ya watu waliokuwa ndani ya kuta zenyewe, na mtu ambaye naye alikuwa akipambana na kifungo cha ulevi, yalipata maana ambayo hayakuwa nayo. Kurudi kwa msanii, basi, hupimwa kwa kile ambacho asingeweza kukisema kabla ya kuanguka kwake. Kama anasema yaleyale kwa namna ileile, hakurudi. Amerudishwa na wauza santuri.

Wimbo wa mwisho wa onyesho hilo ulikuwa wa mfungwa wa palepale, Glen Sherley, juu ya kanisa dogo la gerezani. Cash alikuwa ameusikia usiku wa kuamkia onyesho, na Sherley, aliyeketi mbele, hakuwa na habari kwamba ungeimbwa. Katika dakika hizo msikilizaji aligeuka kuwa mtunzi. Lakini wajibu haututoi nafasi ya kuishia hapo. Sherley alipotoka kifungoni mwaka 1971 alijiunga na maonyesho ya Cash, maisha ya nje yakamshinda, wakaachana, na mwaka 1978 akajitoa uhai. Sanaa ilimfungulia mlango, lakini haikuweza peke yake kumfundisha kuishi upande wa pili. Tunaowaambia wanafunzi kwamba fasihi huikomboa jamii tukumbuke kwamba ukombozi unahitaji mambo mengi zaidi ya wimbo.

Kelele zilizopandikizwa

Liko jambo katika santuri ya Folsom linalopaswa kumwamsha kila mhakiki. Katika wimbo wa gereza, msemaji anapokiri kwamba alimwua mtu kwa sababu tu ya kutaka kukitazama kifo, inasikika sauti ya shangwe. Kwa miaka mingi wasikilizaji waliizungumzia shangwe hiyo kwa msisimko: tazameni wahalifu wanavyofurahia mauaji! Kumbe shangwe hiyo haikuwako mahali hapo. Iliongezwa na watengenezaji wa santuri baadaye. Wafungwa wenyewe walijizuia, kwa kuwa askari magereza walikuwa wamewazunguka na kila neno lingeweza kuwaponza.

Tunaomba wasomaji walipime jambo hili vizuri. Ukimya wa watu wale ulikuwa sehemu ya onyesho. Ulisema habari za woga, za uangalizi, labda na za majuto. Ukimya huo ulifutwa, na mahali pake zikawekwa kelele zilizoafiki dhana ya wanunuzi wa nje kuhusu mfungwa. Kwa hiyo hadhira ya Folsom ilitendewa kama mhusika wa kubuni bila ya idhini yake. Sisi tunaokusanya nyimbo na hadithi vijijini tunaweza kufanya kosa hilohilo, tunapoondoa kikohozi cha bibi, mabishano ya wasikilizaji au maneno ya mtu aliyepinga hadithi, ili andiko letu lipendeze. Rekodi ni shahidi, lakini shahidi naye hufundishwa maneno.

Kurudi na gitaa moja

Mwaka 1986 kampuni ya Columbia, aliyokuwa akiirekodia tangu 1958, iliachana naye. Kampuni nyingine ikamchukua, lakini kazi zake zikapita bila kishindo. Vituo vya redio vya kantri vilitaka sura changa. Ndipo mwaka 1993 alipoungana na Rick Rubin, mtayarishaji kijana aliyejulikana kwa muziki wa rapu na wa roki. Rubin alimkalisha sebuleni kwake, Los Angeles, na kumwacha aimbe nyimbo alizozipenda kwa gitaa lake mwenyewe. Sehemu nyingine ya kazi ilirekodiwa katika nyumba ndogo ya mbao ya Cash huko Hendersonville, Tennessee. Walijaribu kuongeza wapigaji wengine, kisha wakaona afadhali wawaache.

Desemba 1993 nyimbo hizo zilijaribiwa mbele ya watu katika Viper Room, klabu ndogo ya usiku ya Los Angeles yenye kuhudhuriwa na waigizaji wa filamu na vijana wa mjini. Cash alikuwa na umri wa miaka 61. Alisimama peke yake, bila bendi, mbele ya hadhira ambayo sehemu yake kubwa haikuwa imezaliwa alipoanza kuimba. Nyimbo mbili za usiku huo ziliingizwa katika santuri iliyotoka Aprili 1994, nayo ikaitwa kwa jina la kampuni ya Rubin, American Recordings. Mwezi Juni mwaka huohuo aliwaimbia vijana wa Uingereza katika tamasha la Glastonbury.

Wengine wamesema kwamba mbinu ya gitaa moja ilikuwa ujanja wa biashara. Hatukatai kwamba biashara ilikuwamo. Lakini mwimbaji wa peke yake hana pa kujificha. Wasomaji wetu wa Kongo wanalijua jambo hili kutokana na Jean-Bosco Mwenda, ambaye "Masanga" yake ilirekodiwa na Tracey mwaka 1952. Mwenda alilijaza gitaa lake moja kwa sauti nyingi hata mtu akadhani wapigaji ni wawili. Cash alifanya kinyume chake. Kidole gumba chake kilipiga kwa wazo moja tu, polepole, na nafasi zilizobaki akaziacha tupu. Ufundi wa Mwenda ulikuwa vidoleni. Wa Cash ulikuwa katika kujua wakati wa kunyamaza. Kila mmoja alichagua fani iliyolingana na alichotaka kusema, na kwa hiyo hatuoni haja ya kumtukuza mmoja kwa kumdunisha mwingine.

Mtunzi au mghani?

Santuri hiyo ina nyimbo 13. Kati ya hizo, 4 tu ndizo alizozitunga Cash peke yake. Nyingine ni za Kris Kristofferson, Leonard Cohen, Tom Waits, Nick Lowe na wengineo, na baadhi ni za mapokeo. Je, tunaweza kumsifu kama mtunzi aliyerudi ilhali maneno mengi ni ya watu wengine?

Katika mapokeo yetu swali hili si geni, wala halitutii hofu. Katika taarabu ni jambo la kawaida malenga kutunga na mwimbaji mwingine kuimba, na shairi la mwandishi mmoja kughaniwa na mwingine mwenye sauti. Tunajua kwamba mghani mwema hachukui maneno tu. Huyapitisha katika umri wake. Wimbo wa Lowe, unaozungumzia mnyama mkali aliyefungiwa ndani ya mtu, ukiimbwa na kijana huweza kuwa majigambo. Ukiimbwa na mzee aliyewahi kuharibiwa na mnyama huyo, huwa ungamo. Hatusemi kwamba maneno ya Lowe hayana thamani bila Cash. Tunasema kwamba utungo una wazazi wawili, kalamu na kinywa, na darasani tumezoea kumtaja mmoja tu.

Hata hivyo, zile nyimbo nne za Cash ndizo zinazotuthibitishia kwamba alirudi akiwa mtunzi. Katika wimbo mmoja msemaji ni askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Anawakumbuka wenzake na lile neno fupi walilolitumia kuyasukuma maumivu kando ili waendelee na safari. Cash alikuwa amekwenda Vietnam mwaka 1969 kuwaimbia askari, lakini ilimchukua zaidi ya miaka 20 kuitunga sauti hiyo. Katika mwingine anaitazama nyuma njia yake mwenyewe kama askari aliyenusurika vitani bila kujua kwa nini yeye hakufa. Hizi si nyimbo za ujana zilizopigwa vumbi. Mtu wa miaka 25 asingeweza kuzitunga, na kwa kipimo tulichokiweka, zimefaulu.

Kasoro

Haitakuwa haki kusifu bila kukosoa. Wimbo unaoifungua santuri hiyo ni wa mapokeo, nao unahusu mauaji ya Delia. Delia Green alikuwa msichana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa kwa risasi huko Savannah, Georgia, wakati wa Krismasi ya mwaka 1900. Cash alikuwa ameurekodi wimbo huo mwaka 1962. Katika toleo la 1994 aliubadilisha maneno na kuufanya mkatili zaidi. Mwuaji anasimulia alivyomwua mpenzi wake, kwa tuni ya kuchezesha mguu.

Tunajua hoja ya utetezi: msemaji si mtunzi, na tumeisema sisi wenyewe hapo juu. Lakini hoja hiyo haiwezi kufunika kila kitu. Katika wimbo wa gereza mtu aliyeuawa hana jina, na uzito wote uko juu ya mwuaji anayeteseka. Hapa aliyeuawa ana jina la mtoto aliyeishi kweli, na bado hapewi hata sura. Hatujui umri wake wala alichokisema. Tunaambiwa tu kwamba alistahili. Miaka 32 ilipita kati ya toleo la kwanza na la pili, na katika miaka hiyo msanii hakujifunza lolote juu ya Delia, ila juu ya namna ya kuwashtua wasikilizaji wapya. Kwa kipimo kilekile, wimbo huu haukurudi. Ulirudishwa.

Sauti ya mgonjwa

Maradhi yalimfanya Cash aache ziara za maonyesho mwaka 1997, lakini hakuacha kurekodi. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Grammy ya santuri bora ya kantri, ingawa redio za muziki huo hazikuwa zimeijali kazi hiyo. Mwaka 2002 alitoa santuri yenye wimbo wa Trent Reznor juu ya maumivu na majuto, na picha za filamu fupi iliyoambatana na wimbo huo zikawaliza watu wengi: mzee mwenye mikono inayotetemeka, ameketi mezani katika nyumba iliyojaa vitu vya zamani.

Hapa tungependa kutoa tahadhari. Kumhurumia msanii si kumhakiki. Sauti iliyochakaa haiwi sanaa kwa sababu imechakaa. Huwa sanaa pale msanii anapojua la kufanya nayo. Ushahidi ulio bora zaidi hatuupati katika wimbo uliowaliza watu, bali katika wimbo unaoifungua santuri hiyo, ambao Cash aliutunga mwenyewe. Aliupata kutokana na ndoto, kisha akaufanyia kazi kwa muda mrefu, akichota picha zake katika Ufunuo wa Yohana. Ni wimbo wa siku ya hukumu, ulioimbwa na mtu aliyejua kwamba zamu yake iko karibu, na hata hivyo hauna kujihurumia hata kidogo. Maneno yamepangwa kwa mapigo ya haraka, kana kwamba mgonjwa huyo anakimbizana na saa. Hapo jungu kuu limetoa ukoko wake.

June Carter alifariki Mei 2003. Julai mwaka huo Cash aliketi kitini mbele ya watu katika ukumbi mdogo wa ukoo wa mkewe huko Hiltons, Virginia, akaimba kwa mara ya mwisho hadharani. Tarehe 12 Septemba naye akafariki. Bwalo la gereza, klabu ya mjini na ukumbi wa shambani: hadhira tatu zisizofanana, na katika kila moja alitafuta namna ya kusema nao.

Funzo kwa darasa

Kutokana na tuliyoyaona, tungependa kuwapendekezea walimu wenzetu zoezi moja. Lichaguliwe shairi moja linalofahamika, lighaniwe kwanza na mwanafunzi, kisha na mzee wa mtaa aliyealikwa darasani. Wanafunzi wasiulizwe nani ana sauti nzuri zaidi, bali ni neno gani lililobadilika maana lilipotoka katika kinywa cha pili, na kwa nini. Mizani na vina vihesabiwe baadaye, haviendi kokote. Na kama onyesho hilo litarekodiwa kwa simu, basi wasikilizaji waandikwe kama walivyokuwa: walipocheka iandikwe kwamba walicheka, na waliponyamaza tuuheshimu ukimya wao.

Wazee wetu wenye nyimbo bado wapo. Wengi wao hatuwaiti ila siku za sherehe, na tunapowaita tunawataka waimbe zile za zamani. Tuwaulize pia walichokitunga mwaka huu.